Kila tukiuliza maji yamebaki kiasi gani, yanapungua: code ya mpangaji wangu ilivyomponza shemeji yangu

Mbukwenyi wakuu, ndiyo salamu ya kwetu.

Mlionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mmo humu. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi shule sijakanyaga. Mimi nasema tu, anayeandika ni mpangaji wangu Mariamu, binti wa Tanga, kazi yake kuandika code kwenye ofisi moja huko mjini. Nimemwambia aandike kila neno, hata pale ninapomsema yeye. Hapo amecheka. Andika, Mariamu, kwamba umecheka.

Nitakayoyasema niliyaona kwa macho haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini lililobaki linaona mpaka yasiyotakiwa.

Twende.

Kitongoji chetu kipo Ugogo, upande wa Zuzu, ukivuka reli. Wasiojua huku kwetu, kiangazi nchi inalala. Upepo unavuma mchana kutwa, vumbi jekundu linapanda, na kila kitu kwa mbali kinachezacheza kama kimo ndani ya maji. Mbuzi anacheza, mtu na baiskeli yake wanacheza, mpaka mlima unacheza. Unaona maji kila upande na maji hakuna.

Tuna kisima kimoja kirefu chenye pampu, na tanki moja kubwa la chuma kwenye kimlima nyuma ya nyumba yangu.

Mtunza tanki alikuwa shemeji yangu, Mzee Ndahani, mdogo wake marehemu mume wangu. Yeye ndiye anawasha pampu, anazima, anawafungulia kina mama bomba asubuhi na jioni. Katikati ya hapo bomba lina kufuli, na ufunguo ni mmoja, anao yeye.

Kupima maji alikuwa anagonga tanki kwa jiwe. Ngo, ngo, ngo, anashuka nalo mpaka sauti inakuwa nzito. Hapo ndipo maji yalipo.

Mimi wakuu ninaigiza sauti za watu, ndio ugonjwa wangu tangu usichana. Mchungaji ninamuweza, mwenyekiti ninamuweza, Mariamu ninamuweza mpaka anavyokohoa. Mume wangu sikuwahi kumuweza. Alikuwa na sauti ya chini, kama mtu anayeongea na ndama. Alivyokufa nikajua imekwenda.

Kumbe ipo kwa mdogo wake. Mzee Ndahani akija kwangu mchana kunywa uji, ninafumba macho namsikiliza. Hajui. Sasa atajua, maana Mariamu ameandika.

Basi.

Mwaka huu mwenyekiti wa kamati ya maji akataka maendeleo. Huyu bwana aliwahi kuhudumia chai kwenye ofisi za wakubwa huko mjini enzi za vikao, akarudi nyumbani na maneno yao. Mkutanoni hata kama hakuna aliyemkaribisha kusema, akimaliza anasema nakushukuru.

"Ndugu wajumbe, technically speaking, hatuwezi kuingia kwenye uchumi wa kidijitali tukiwa na teknolojia ya jiwe. Nakushukuru."

Mariamu akajitolea. Nia yake njema kabisa, kila siku aliwaona kina mama wamepanga ndoo na hawajui kama yatawafikia. Akasema, bibi, nitatengeneza kidude, kila mtu aone kwenye simu yake maji yapo kiasi gani.

Kile kifaa cha kutumbukiza ndani kipime kina hakikupatikana. Basi mtoto wa watu akatumia akili. Chini ya tanki kuna bomba la kutolea tope wakati wa kusafisha, limefukiwa, linatokea korongoni. Akalifungia koki inayojifungua yenyewe kwa muda mfupi. Maji yakipita yanazungusha kigurudumu. Kikienda mbio, tanki limejaa. Kikijivuta, tanki limeshuka.

Nikamuuliza, na hayo yanayotoka?

"Bibi jamani, ndoo mbili tatu tu! Mara moja kwa siku, asubuhi."

Jibu la kipimo hicho akalipa jina. AKIBA. Kwa herufi kubwa zote, akaniambia herufi kubwa ni heshima ya kitu kisichobadilika. Wao wanaita constant. "Ikishapatikana asubuhi, bibi, ni hiyo hiyo mpaka kesho. Kila nikiihitaji kwenye code naandika AKIBA tu, basi."

Nikasema haya. Kama haibadiliki haibadiliki.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama sherehe. Mama mmoja yuko shambani anapalilia zabibu, anatoa simu kwenye kanga, anacheka, maji yapo.

Wiki ya pili, jioni bomba likakauka na ndoo nusu zimebaki foleni.

Mwenyekiti akafungua simu yake. Asubuhi, kina mama wameshachota, ilikuwa inasema themanini kwa mia. Mchana, kufuli limefungwa, hakuna ndoo hata moja iliyochotwa, inasema sitini. Saa tisa, hamsini.

Sasa wakuu, bomba limefungwa, maji yanapungua, na ufunguo anao mtu mmoja. Ninyi mngesema nini?

Ndivyo na wao walivyosema. Ikasemwa anawauzia wafyatua tofali. Hakuna aliyemuona, lakini kila mtu alikuwa na shangazi aliyemuona.

Mwenyekiti akatangaza ulinzi. "Kila mjumbe aweke app. Tuangalie every time. Mwizi tutamkamata kwa data." Wakawa wanachungulia. Wakiwa dukani wanachungulia, wakiwa kanisani wanachungulia wamefumba jicho moja. Na kadiri walivyochungulia, ndivyo yalivyozidi kupungua. Wakasema mnaona, jeuri hiyo, anaiba tunamtazama.

Mzee Ndahani alijibu mara moja tu kwenye mkutano. "Mimi nina ufunguo mmoja na jiwe moja. Nikaguliwe." Akakaa.

Sasa hapa, Mariamu, andika polepole.

Siku moja mchana alikuja kwangu kama kawaida. Mimi nabangua karanga, yeye ana kikombe cha uji. Upepo umetulia kidogo, treni ya umeme imepita kule, imeacha ule ukimya wake. Tumekaa vizuri kabisa.

Sijui nini kilinituma. Nilikuwa nauliza tu.

"Shemeji, kweli si wewe?"

Akanitazama. Hakukasirika. Akasema, "Na wewe pia?"

Akamaliza uji, akaniambia asante kwa uji, akaondoka. Nilibaki na karanga mkononi, nimeshaibangua, sikumbuki kuila.

Keshokutwa yake niliukuta ufunguo umetundikwa kwenye msumari wa mlango wangu. Alikuwa amepanda basi la asubuhi kwenda Chemba kwa binti yake. Hakumuaga mtu.

Kamati ikafurahi kwa uchungu. Amekimbia, si mnaona. Ikapangwa Jumapili baada ya ibada wakae, jina lake lipelekwe polisi.

Maji yakaendelea kupungua na yeye hayupo. Nikasema yamekwisha, ametakasika. Mwenyekiti akapandisha suruali: "Hapana mama. Hii inaonyesha ana washirika."

Mtu akishaamua, wakuu, hata ukimletea mlango wazi anaona ukuta.

Kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwangu, Alhamisi mchana nikabeba kigoda nikaenda kukaa chini ya tanki, upande wa kivuli. Nikasema nitalinda mwenyewe. Nililinda kama dakika kumi, nikasinzia.

Huo usingizi sijui niuiteje. Jua jeupe, bati za nyumba zinawaka kwa mbali, mgongo wangu umeegemea chuma, na ndani ya chuma kuna baridi. Nikasikia mtu anashusha pumzi. Mtu mkubwa, ndani ya tanki. Shwaaa. Kimya. Shwaaa. Kimya. Shwaaa.

Nikaota mume wangu yumo mle anataka kusema kitu, kila akivuta pumzi aseme, anaishusha tu.

Nikaamka. Sauti imekoma. Lakini mgongo wangu ulikuwa bado unatetemeka, na ndoto haitikisi chuma.

Nikainuka nikateremka mpaka korongoni, polepole, magoti haya. Wakuu, nilichokiona kule nikadhani bado nimelala. Mchanga wote wa korongo mkavu kama unga, ila kipande kimoja cheusi, kimelowa, na juu yake vipepeo. Weupe na wa njano, wamejaa, mamia, wametulia wanakunywa, wanafungua mabawa na kufunga kama watu wanaosali. Pembeni mchicha pori umeota wa kijani, mwezi wa tisa! Mbuzi wa jirani walikuwa wamelala pale kama wenye nyumba.

Nikasimama. Tanki likashusha pumzi tena, bomba likatapika, shwaaa, shwaaa, shwaaa, vipepeo wakaruka wote kwa pamoja, wakatua tena.

Nikapanda juu nikatazama huku na huku. Hakuna mtu. Isipokuwa kwenye baraza la duka, kama hatua hamsini, mwenyekiti amekaa kwenye benchi. Ndio kwanza anarudisha simu mfukoni.

Nikakaa nyuma ya tanki. Nikangoja. Mkono ukaenda mfukoni, simu ikatoka. Shwaaa, shwaaa. Shwaaa.



Nikasema ngoja nihakikishe. Katibu wa kamati ana sauti ya puani, naijua vizuri. Nikajificha nikaita kwa sauti yake, "Mwenyekitiii! Sasa hivi yamebaki ngapi?"

Akatoa simu. Shwaaa, shwaaa, shwaaa.

"Hamsini na tano! Uko wapi wewe?"

Nikangoja kidogo, nikawa mama muuza vitumbua. "Baba mwenyekiti, hebu angalia tena, mimi yangu haifunguki!"

Shwaaa, shwaaa.

Shwaaa.

"Hamsini na mbili! Washenzi wapo kazini saa hii hii!"

Nilijifunika kanga mdomoni nisicheke. Ningeendelea mpaka jioni, sauti ninazo, lakini nikakumbuka hayo ni maji ya watu, na wa kuyamwaga sasa nilikuwa mimi.

Jua linashuka Mariamu akarudi kutoka kazini. Hata viatu hajavua. Nikamuuliza jambo moja.

"Mjukuu wangu, ile AKIBA yako si ulisema haibadiliki?"

"Ndiyo bibi, ni constant."

"Mbona mwenyekiti asubuhi anasoma themanini, mchana sitini?"

Akafungua mdomo anijibu. Akaushusha mkoba begani.

Akakaa pale pale kwenye ngazi, akatoa kompyuta. Nikamuona anahesabu kwa kidole kwenye kioo kila palipoandikwa AKIBA. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Akaweka mikono kichwani.

"Bibi. Ni mimi."

Alivyonieleza ndivyo ninavyowaeleza, wataalamu mtanirekebisha. Yeye alidhani AKIBA ni jibu lililokwisha kupatikana, limekaa kwenye kopo. Kumbe kwenye kopo hakuweka jibu. Aliweka amri ya kwenda kupima. Kila palipoandikwa AKIBA, kidude kinasoma "nenda kafungue koki". Mtu akichungulia simu mara moja, AKIBA inatajwa mara tatu: kuandika namba, kuchagua rangi, kulinganisha na ya jana. Koki inafunguka mara tatu.

(Mariamu hapa, kwa ufupi tu. Nilifanya #define AKIBA pimaTanki(). Macro, sio value. Kila inapotajwa inabandikwa call nzima, na function yenyewe inafungua valve. Nilipaswa kupima mara moja asubuhi, kuhifadhi kwenye variable, na wengine wote wasome pale. Mwalimu wetu chuoni alisema kabisa: constant expression isiwe na side effect, hujui itakuwa evaluated mara ngapi, wala wakati gani. Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari. Najua. Msinitukane sana.)

Mtukaneni kidogo tu, bado nampangisha.

Hilo neno side effect mimi nalijua kwa dawa ya presha. Unameza kwa ajili ya moyo, miguu inavimba. Nikamuuliza Mariamu, kwa hiyo ninyi mna namna ya kuuliza inayovimbisha miguu, na namna isiyovimbisha? Akasema ndiyo bibi. Mbili na tatu ni tano, uliza mara elfu, hakuna anayelowa. Lakini hii yangu, kila anayeiuliza inamwaga.

Nikamwambia kwetu hilo tunalijua bila kompyuta. Kwetu Ugogo humuulizi mtu zizi lako lina ng'ombe wangapi. Wageni wanadhani ni uchoyo. Sio uchoyo. Swali lenyewe likiingia zizini linafanya kazi, ng'ombe hawabaki walivyokuwa.



Jumapili baada ya ibada alisimama yeye mwenyewe mbele ya watu. Alisema yote. Kwamba hakuna mwizi. Kwamba kosa ni la code yake. Kwamba maji yalimwagwa na simu za waliokuwa wanalinda, na aliyelinda kuliko wote ndiye aliyemwaga kuliko wote.

Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti.

"Technically..." akaanza.  Akatoa kofia, akaitazama ndani kama ina jibu. Siku ile hakusema nakushukuru.

Polisi hawakupelekewa jina. Mariamu akarekebisha code jioni ile ile, Jumatatu jioni ndoo zote zikajaa. Korongoni mchanga ukarudi mweupe, vipepeo wakaenda sijui wapi. Kwenye kitongoji watu wakasema basi, yameisha.

Hayakuisha.

Jumamosi nikapanda basi na Mariamu mpaka Chemba. Nimebeba karanga. Njia nzima nchi imelala, vumbi, migunga, ng'ombe wanatembea kana kwamba hawagusi chini. Nimefunga maneno yangu vizuri kichwani, nitamwambia hivi na hivi, atacheka, tutarudi wote.

Tulimkuta uani kwa binti yake anapepeta alizeti. Mariamu akapiga magoti, shikamoo babu, akalia, akaomba radhi, akaeleza mambo ya AKIBA.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Mwanangu, wewe ulikosea kuandika. Hilo linafutika. Umeshafuta?"

"Nimefuta babu."

"Basi."

Kisha akanigeukia mimi. Sauti ile ile ya chini. Nilitaka kufumba macho, sikuthubutu.

"Shemeji, wao wote waliniuliza, nikakaa. Wangeniuliza mwaka mzima ningekaa. Nilikuwa nangoja mmoja asiyeuliza."

Wakuu, mimi nina sauti za watu wote wa kitongoji. Siku hiyo sikuwa na hata moja.

Nilikuwa nauliza tu, nilitaka kumwambia. Nikasikia mwenyewe lilivyo jepesi hilo neno. Hata mwenyekiti alikuwa anaangalia tu.

Nikasema nisamehe shemeji. Akasema nimeshakusamehe siku nyingi. Na nikaona ni kweli, na nikaona pia kwamba maji yaliyokwenda korongoni hayarudi tankini kwa sababu code imerekebishwa.

Tukakaa. Binti yake akaleta chai. Jua likahama kutoka ukutani mpaka mlangoni. Nikabangua karanga, nikampa, akala. Akaanza kusimulia ng'ombe mmoja wa zamani wa baba yao, mkorofi. Mume wangu alikuwa akimsimulia ng'ombe huyo huyo. Sikumkatiza.

Ulimi wangu ulikuwa na swali moja, limenijaa mdomo mzima. Utarudi lini? Lilikuja mara nne. Nikalimeza mara nne.

Saa kumi basi likapiga honi, tukaondoka. Alitusindikiza mpaka barabarani. Hakusema atarudi, hakusema hatarudi.

Tanki sasa linatunzwa na katibu. Hagongi kwa jiwe, anaangalia simu. Ni salama sasa, Mariamu ameapa.

Mnaoandika code, nililojifunza ni hili: ukishakiita kitu hakibadiliki, hakikisha kukitaja peke yake hakumlowanishi mtu. Pima mara moja, hifadhi, waache watu wasome. Na wakikuambia kuna mwizi, kabla hujamtafuta, angalia kwanza macho yako yanafungua nini.

Na kwa sisi tusioandika code, hakuna "nauliza tu". Kuna watu ukiwauliza mara moja, koki imefunguka.

Mvua hazijaanza. Jumamosi hii naenda Chemba tena.

Uwanja ni wenu wakuu. Wataalamu mwambieni Mariamu yaliyowahi kuwakuta, ajue hayuko peke yake. Na kama yupo humu aliyewahi kumuuliza mtu wake swali moja tu likamwaga tanki zima, aniambie alikaa naye vipi baada ya hapo, alianzia wapi.

Hilo moja ndilo nililokuja kuwauliza, na hili nimeuliza kweli.